Mashine Niliyoifundisha Kupiga Kelele

Gioklan aliishika karatasi kichwa chini. Alikuwa amesimama juu ya jukwaa dogo la mbao uwanjani mwa kiwanda, saa mbili kasorobo asubuhi, nasi wafanyakazi mia tatu na ushei tumepanga mistari mbele yake kama watoto wa shule, kofia zetu za bluu kichwani. Alisoma barua yake ya kuomba radhi tangu neno la kwanza hadi la mwisho bila kukwama hata mara moja. Alikuwa ameikariri. Karatasi ilikuwa ya kushikia tu. Lakini wa mstari wa mbele waliona maandishi yamelala miguu juu, mmoja akaguna, mwingine akamnong'oneza jirani yake, "Ndiyo macho yenyewe hayo," na kicheko kikatambaa kutoka mstari hadi mstari kama sisimizi.

Mimi nilikuwa mstari wa pili. Nilicheka pia.

Sikucheka kwa ubaya, nilicheka kwa mazoea. Naitwa Bongchi, na kwetu hilo ni jina analopewa mtoto wa kike ambaye hakuna aliyemtaka. Maana yake ni "mlee tu, basi". Baba alikuwa akingoja dume, nikaja mimi, binti wa nne, naye akatoka kwenda kuangalia miwa yake bila kuniangalia. Mtu aliyepewa jina kama hilo ana njia mbili, alie au acheke. Mimi nimecheka miaka sabini na minne, na meno yaliyobaki ni machache kwa sababu hiyo. Kwa hiyo asubuhi ile nilicheka, halafu Gioklan akainua macho kutoka kwenye karatasi ambayo hakuwa akiisoma, akanitafuta kati ya zile kofia zote, akaniona. Yeye alikuwa anaona kila kitu. Hilo ndilo jambo ninalotaka kulisema kabla sijafa, na nimechelewa.

Tuliingia kiwandani pamoja, pale Nanzi, mtaa wa viwanda, mimi nikiwa na miaka kumi na minane na yeye ishirini na mmoja. Kiwanda kilitengeneza bodi za saketi, zile sahani za kijani zilizomo ndani ya kila kitu kinachowaka taa. Bodi zilitoka kwenye tanuri, zikaletwa kwenye chumba chetu, na sisi wanawake kumi na wawili tukaziangalia, kila mmoja chini ya taa yake ya mviringo yenye kioo cha kukuzia. Kazi yetu ilikuwa kutazama. Hatukuitwa kwa majina. Wakuu walisema, "Peleka kwa Macho," na Macho ndio sisi.

Tone zuri la lehemu, ile bati inayounganisha kifaa na bodi, limelala chini ya mguu wa kifaa kama sketi iliyotandazwa. Tone baya limejiviringisha kama kidonge. Na lipo kosa moja ambalo sisi sote tuliliogopa kwa jina lake tu. Kile kifaa kidogo kuliko punje ya ufuta, kikivutwa upande mmoja ndani ya tanuri, husimama wima kwa mguu mmoja. Tuliliita jiwe la kaburi. Ukiliona, unaweka bodi kando na kutema mate kidogo, ptu, ili lisikufuate nyumbani.

Gioklan aliyaona mawe ya kaburi bila kioo. Siku moja tulipokuwa tukila mchana alinyoosha vijiti vyake akatoa mdudu kwenye bakuli langu, na chakula chenyewe kilikuwa kimemwagiwa ufuta mweusi. Mchumba wangu wa kwanza, Gioklan alimtazama mara moja tu mlangoni, akaniambia, "Huyu kavua pete leo asubuhi." Nilimwita mchawi. Wiki mbili baadaye mke wa yule bwana alikuja getini akiniulizia, na mwavuli mkononi ambao haukuwa wa mvua.

Miaka thelathini tulikaa bega kwa bega. Ndoa zetu zilikuwa fupi kuliko hapo.

Mwaka uliofuata tetemeko kubwa, mashine ikaja. Ilikuwa sanduku jeupe lenye ukubwa wa kabati la nguo, na ndani yake kamera na pete za taa nyekundu, kijani na bluu. Bodi ilipita chini yake, taa zikawaka, na kabla hujameza mate ilikuwa imeshatazama vifaa vyote mia nne. Wakuu walichoma ubani. Mhandisi Tu, kijana mpole aliyetoka chuo kikuu na shati lililopigwa pasi na mama yake, akapandisha juu ya mashine paketi ya kijani ya vitafunwa vya mahindi vya ladha ya nazi, vile ambavyo jina lake ni kama kumwambia mtoto atulie. Kwetu hakuna mashine inayoishi bila paketi hiyo kichwani, iwe ya benki, iwe ya hospitali. Lazima iwe ya kijani. Ya njano huifanya mashine inune. Isipitwe na tarehe, na mtu yeyote asiile.

Kisha Bwana Ke, msimamizi wetu, akatuambia kwa sauti ya kupoza uji kwamba mashine ikishazoea kazi itahitaji wanawake wawili tu wa kuisaidia. Majina ya hao wawili yangetajwa Mwaka Mpya. Kuanzia siku hiyo chai ilikuwa inanywewa kimya. Kila mtu aliwahesabu wenzake, kisha akajihesabu yeye.

Mashine yenyewe haikuwa inajua kitu. Ilikuwa kama mtoto mchanga aliyepewa macho ya mwewe. Ilibidi mtu akae nayo, aioneshe matone mamia kwa mamia, aiambie hili zuri, hili baya, mpaka iwe na kipimo chake. Mhandisi Tu alimwendea Gioklan kwanza, kama ilivyostahili. Gioklan akamwambia, "Mwanangu, mimi naona tu, sijui ninaonaje. Mchukue Bongchi, yeye ana maneno."

Kwa hiyo kazi ile nilipewa na yeye mwenyewe. Wakati mwingine hilo ndilo huniuma kuliko yote.

Wiki ya kwanza niliifundisha kwa haki. Tu alinionesha picha kwenye skrini, ambapo tone lenye mteremko mzuri liling'aa bluu na lililolala bapa liling'aa nyekundu, nami nikasema zuri, baya, zuri, zuri. Wiki ya pili wazo likanijia nikiwa chooni, mahali ambapo mawazo yangu yote mazuri yamenikuta. Mtoto mtulivu anahitaji yaya mmoja. Mtoto anayelia kutwa anahitaji nyumba nzima.

"Mama mdogo, hili je?" Tu aliniuliza asubuhi hiyo.

"Baya."

"Mbona linang'aa vizuri?"

"Linang'aa kupita kiasi. Mwanamke akijipodoa sana, ujue ana jambo anaficha."

Alicheka, akaandika baya. Kesho yake nikamwambia lingine lina huzuni, lingine limekaa kama mtu aliyekula na kuondoka bila kuaga. Aliyaandika yote. Alikuwa na shahada mbili, lakini hakuwa na jicho, na mimi darasa langu la sita nililimalizia shambani nikivuna miwa. Ilinipa raha, siwezi kukuficha. Kwa wiki sita niliibana roho ya ile mashine mpaka ikawa inaogopa hata kivuli cha vumbi.

Walipoiwasha kwa kazi, ilipiga kelele mara arobaini kwa kila bodi. Arobaini! Kila kelele ilileta picha kwenye skrini, na kila picha ilimtaka mtu aiangalie na kubonyeza: kitufe cha kijani, si kosa; kitufe chekundu, kosa. Wawili wasingetosha hata kwa nusu saa. Bwana Ke alikuna kichwa, akapiga simu kwa waliotuuzia, wakasema mtaalamu wao atakuja, akachelewa, akachelewa tena. Mwaka Mpya ukafika na hakuna jina lililotajwa. Wote kumi na wawili tulibaki, tumepangwa mbele ya skrini. Wenzangu walichoma ubani kuishukuru miungu, na mimi nilisimama nyuma yao nikipokea shukrani hizo kimyakimya, kama mungu mdogo wa jikoni.

Sikumwambia mtu. Gioklan hasa sikumwambia, kwa sababu uso wake haukujua kufunga mlango.

Lakini mkono hujifunza haraka kuliko kichwa. Baada ya miezi mitatu hakuna aliyekuwa akiangalia. Kijani, kijani, kijani. Niliweza kusimulia ugomvi wangu wote na mama mkwe, tangu siku ya harusi, bila kidole kukosa mpigo. Ni Gioklan peke yake aliyeendelea kuangalia kila picha, kwa shingo ile ile ya zamani, na bodi zikamrundikia. Bwana Ke alimsema mbele ya watu kwamba anazeeka. Mchana ule, tukiwa tunaosha bakuli zetu, macho yake yalikuwa mekundu.

"Shoga, bonyeza tu," nilimwambia. "Hii mashine ni mwoga, inalilia hewa."

"Unajuaje?"

"Naijua."

Alinitazama. Miaka thelathini bega kwa bega. "Haya," akasema, "wewe ukisema." Kuanzia hapo akawa anabonyeza kama sisi.

Mwezi wa nane ulipofika, zikarudi bodi za mteja anayetengeneza mashine za kupozea hewa. Bodi tisini na sita, zote za alasiri moja, zote zina jiwe la kaburi mahali pale pale. Kila kitu kilikuwa kimehifadhiwa ndani ya mashine: tarehe, dakika, namba ya kitambulisho cha aliyebonyeza. Tuliitwa ofisini, Gioklan kwa namba yake na mimi kwa kuwa ndiye mwalimu wa mashine. Bwana Ke akaigeuza skrini. Picha ilikuwa safi kabisa. Kifaa kimesimama wima kwa mguu mmoja, peupe, kama kwenye makaburi ya mlimani kwetu siku tunapokwenda kuyasafisha.

"Mashine iliona," akasema Bwana Ke. "Ikakuonesha. Ukasema si kosa. Mara tisini na sita."

Gioklan aliinama akaitazama. Aliomba aoneshwe tena. Akaomba tena. Kisha akauliza, si kwa kubisha, aliuliza kama mtu anayeuliza njia, "Mimi niliona hiki?"

Bwana Ke akanigeukia. "Bongchi, wewe ndiye uliyeifundisha. Mashine ilikosea mahali?"

Kulikuwa na feni ikizunguka. Ubavuni mwake palikuwa na kalenda ya kampuni ya vyakula vya nguruwe, na nguruwe alikuwa anatabasamu. Nilimtazama yule nguruwe. Niliwaza wale kumi chumbani, niliwaza ada za binti yangu, na niseme ukweli, niliwaza zaidi yale maneno niliyokuwa nimeyacheka peke yangu, huzuni na poda na wageni wasioaga, yakisomwa kwa sauti katika chumba kile.

"Mashine haikukosea, bosi," nikasema.

Ilikuwa kweli. Sijawahi kusema neno la kweli lililooza kiasi hicho.

Ndipo ikaja asubuhi ya jukwaa. Hawakumfukuza. Walimpa kazi ya kukunja maboksi, na baada ya wiki moja aliacha mwenyewe, bila kuaga, akiwa amekiacha kioo chake cha kukuzia juu ya meza yangu, kimefutwa. Mwezi uliofuata yule mtaalamu akafika hatimaye, bwana mfupi mwenye mkoba. Alikaa mbele ya mashine kati ya chakula cha mchana na chai ya saa kumi, akafungua kile nilichokibana kwa wiki sita, na mashine ikanyamaza. Mwaka Mpya majina yalitajwa. Walibaki wawili. Mimi sikuwamo.

Wahenga wana lao kuhusu mzaha unaozaa usaha. Ningependa wangeniambia mapema, lakini wahenga nao huwa wanasubiri uumie kwanza.

Gioklan alikuwa na miaka hamsini na mitatu tu na macho yake yalikuwa mazima. Lakini hakuyaamini tena. Aliuza pikipiki yake. Cherehani akaifunika kitambaa. Siku moja sokoni nilimuona ameinua samaki, akaanza kusema, "Huyu jicho lake lime...", akakatiza, akamuuliza mwenye samaki kama samaki ni mzuri. Mwenye samaki akasema mzuri. Akamlipa. Samaki alikuwa ameoza, hata mimi niliona. Nilisimama nyuma ya fungu la vitunguu nikiwa na mdomo wangu wote huu, mdomo ulioifundisha mashine kuogopa kivuli, na haukutoa kitu.

Miaka ikapita hivyo. Kisha macho yakaanza kuumwa kweli, mtoto wa jicho, yote mawili. Daktari alisema ni kazi ya nusu saa, ataondoka hapo akisoma gazeti. Gioklan akakataa. Mwanawe, Kunhong, akaja kwangu na boksi la keki za nanasi, akiwa amechoka.

"Mama mdogo, wewe ndiye rafiki yake. Anasema macho yale yaliwahi kumdanganya, na yeye hayafungulii tena mlango. Ana maana gani?"

Nikamwambia sijui. Nikamwambia nitakwenda. Na safari hiyo nilikuwa nimekusudia. Nilikwenda hekaluni kwa Mungu wa Jiji kwanza, nikarusha vipande viwili vya mbao kuuliza kama niseme. Vikajibu ndiyo. Nikarusha tena kwa kutumaini vimekosea. Ndiyo. Mara ya tatu, ndiyo. Hata miungu ilikuwa imechoka na mimi.

Nilimkuta amekaa barazani kwake, uso umeelekea barabarani, ile sura ya kusikiliza ambayo vipofu huipata polepole. Nikakaa. Nikamwambia, "Dada Gioklan, nina jambo la kiwandani. La ile alasiri ya bodi tisini na sita."

Akanigeuzia sikio. "Sema."

Nikafungua mdomo, na mdomo wangu, mnafiki huyu aliyezaliwa nami, ukachagua mlango mdogo. "Ile paketi ya kijani juu ya mashine," nikasema. "Niliila mimi. Siku ile ile, baada ya chakula. Nilikuwa na njaa. Nikaijaza magazeti nikaifunga tena, nikairudisha."

Na hilo lilikuwa kweli pia. Niliila. Ilikuwa tamu.

Gioklan aliinamisha kichwa. Kisha mabega yakaanza kumtikisika, nikadhani analia, kumbe anacheka. Alicheka mpaka akashika nguzo. "Magazeti!" alisema. "Wanaisujudia na imejaa magazeti!" Machozi yalimtoka kwenye macho yale yaliyokuwa yameingia ukungu kama madirisha ya basi wakati wa mvua. Alinishika mkono. Alisema hajacheka hivyo tangu alipotoka kiwandani. Alisema amenisamehe, mimi kichaa, mimi mwizi wa vyakula vya mashine. Halafu akatulia, akafuta uso kwa gauni lake, akasema taratibu, "Lakini paketi haina macho, Bongchi. Mimi nilikuwa nayo."

Hapo ndipo palipokuwa pahali pake. Mlango mkubwa ulikuwa wazi, na yeye mwenyewe alikuwa ameufungua. Lakini alikuwa bado ameshika mkono wangu, na uso wake ulikuwa na ile nuru ya mtu aliyetoka kucheka, na nikafikiri, leo acha abaki nayo. Nitasema wiki ijayo.

Kunhong nilimwambia mama yake bado amekataa kutibiwa.

Hiyo ni miaka kumi na mitatu iliyopita. Daktari sasa anasema macho yameharibika kwa nyuma, hata wakifungua hakuna wa kupokea mwanga. Mimi huenda kwake kila tarehe mosi na kumi na tano ya mwezi wetu wa kuandama, na yeye hunipikia supu tamu ya maharagwe mekundu. Kila nikifika nakuta paketi ya kijani juu ya kiti changu. Ni utani wake. "Leo usiibe," husema, "umepewa."

Jana alikuwa akichambua maharagwe kwa vidole. Mazima kwenye bakuli, mabovu na mawe kwenye mkebe wa bati. Anachambua kama alivyokuwa akifanya kazi, shingo imeinama, hana haraka. Alipomaliza alinisogezea bakuli.

"Nitazamie, shoga. Kuna kosa?"

Nilitazama. Kulikuwa na kijiwe kimoja cheusi, kando ya ukingo, kikubwa cha kutosha kuonekana. Ningekitoa, lakini mkebe ule unalia ukitupiwa kitu, na masikio yake sasa ni makali kuliko macho yake yalivyowahi kuwa. Angekisikia. Angekihesabu kuwa kosa lake.

"Hakuna kosa, dada," nikasema.

Akaitikia kwa kichwa, akaridhika, akaenda kupika akipapasa ukuta. Supu ilikuja ya moto, na sukari ya kutosha. Kijiwe nilikipata kwenye kijiko cha tano. Yeye alikuwa amekaa mbele yangu, ameinamisha sikio, anangoja kusikia kama ninaipenda. Nilikisukuma chini ya ulimi, nikamaliza bakuli, nikaomba lingine.